Maji ya mboga tunayoyamwaga

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Msimu huu wa baridi, chakula gani kimeisaidia afya ya nyumbani kwako?" Mimi nasema supu ya mboga, ile ya kupika mwenyewe.

Tunakaa Nkuhungu, Dodoma. Anayeujua mji huu kwa jua la Novemba haamini nikimwambia kwamba Juni na Julai tunajifunika mablanketi mawili. Tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua ikishakata, kipupwe kinakuja na upepo mkavu wenye vumbi, midomo inapasuka na mafua yanazunguka kutoka mtoto mmoja hadi mwingine.

Mwaka jana aliyeumia zaidi ni mama mkwe wangu, mwenye miaka 74. Kila akiinuka kitandani anashika ukuta kwa kizunguzungu, na choo anakaa siku nne hajapata. Tukampeleka kituo cha afya tukidhani ni presha imepanda. Muuguzi alimuuliza swali moja tu la maana: "Bibi, tangu asubuhi umekunywa maji vikombe vingapi?" Hakuwa amekunywa hata kimoja, ila chai ya asubuhi. Kwenye baridi kiu hupungua, kwa mzee hupungua zaidi, lakini mwili unaendelea kupoteza maji kwa pumzi, ngozi na mkojo. Nikimpa maji ananiambia, "Mwanangu, hayo yananiuma meno." Kitu cha moto hakatai. Ndipo nikaanza supu.

Hapa kwetu ukitaja supu, mtu anawaza ng'ombe au kongoro na chapati mbili. Jirani yangu aliniambia supu bila mfupa ni chakula cha wodini. Basi aje aonje. Nakaanga kitunguu maji na kitunguu saumu kwa kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Nyanya mbili zikishalainika natia karoti, kipande cha boga, tangawizi ya kutwanga, viazi mviringo viwili vya kuipa uzito, na choroko nilizochemsha pembeni, maana mboga peke yake haina protini ya kutosha. Juu yake maji lita moja na nusu. Mchicha au majani ya maboga yaliyomenywa nyuzi huingia mwisho kabisa, dakika nne tano, yakiwa bado ya kijani kibichi, naepua. Limao nakamulia kwenye kikombe, kamwe si kwenye sufuria.

Huo mpangilio una sababu. Vitamini C huharibiwa na moto, ndiyo maana majani na limao vinangoja mwisho, na hiyo hiyo vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye majani na choroko. Rangi ya karoti na boga mwili huigeuza vitamini A, lakini unaifyonza vizuri pakiwa na mafuta kidogo, ndiyo kazi ya kile kijiko.

Kinachoniuma ni haya maji. Wengi wetu tunachemsha mchicha, tunaukamua, tunamwaga maji ya kijani nje ya mlango. Vitamini C, baadhi ya vitamini B na potasiamu huyeyukia humo humo, kwa hiyo tunautupa sehemu ya uzuri wake. Kwenye supu hakuna cha kumwaga. Na magadi siyatii. Mlenda wetu naupenda sana, ila magadi huzidi kuharibu vitamini hizo.

Chumvi nayo naiangalia kwa sababu mama ana presha. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na vile vidonge vya kuongeza ladha ni chumvi tupu kwa sehemu kubwa. Tangawizi na kitunguu saumu vinatosha. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza, kwa ajili ya ile potasiamu.

Mafua supu haiponyi. Mvuke na umoto wake hulegeza kamasi na kutuliza koo, mtoto anapata nafuu na analala. Akianza kupumua harakaharaka au kifua kikibonyea kila anapovuta pumzi, muwahisheni hospitali, msingojee sufuria ichemke.

Mama anakunywa vikombe viwili, saa nne asubuhi na jioni kabla ya ugali. Bakuli amelikataa, anataka kikombe chake cha bati ili akikumbatie kwa viganja vyote viwili. Kipupwe hiki anaamka na kutoka mwenyewe hadi uani bila kushika ukuta, na jana aliniagiza nikienda soko la Majengo nimletee nyanya chungu, tuzijaribu humo.