Vipimo vinne, watu tisa

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, nyumbani kwako mlijipima Korona wenyewe? Na chanjo za nyongeza, mmeendelea nazo au mmeziacha?" Jibu fupi ni kwamba tulijipima mpaka vipimo vikatuishia. Mama yangu mzazi ameshachanjwa mara sita, mimi nne, mume wangu mbili na hataki kusikia ya tatu. Jibu refu ni hili.

Tunaishi Lexington, jimbo la Kentucky, tangu 2016. Kabla ya hapo nilikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, Kigoma, Tanzania. Nilifika pale nina miaka saba, tumevuka Ziwa Tanganyika kutoka Fizi, Kongo. Nyumba yetu ya hapa ina vyumba vitatu, na wakati ule tulikuwa watu tisa: mimi na mume wangu, watoto watano, Mama, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa analala sebuleni.

Januari 2022, kirusi cha Omicron kimepamba moto, serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya kuagizia vipimo vya nyumbani bure. Unajaza jina na anwani, posta inakuletea. Anwani moja, vipimo vinne. Aliyepanga hesabu ile alikuwa na baba, mama na watoto wawili kichwani. Wa maghorofani wengine walipata shida zaidi, maana jirani akiwahi kuagiza, mfumo uliwaambia anwani imeshatumika. Machi wakaruhusu vinne vingine, Mei vinane. Jumla kumi na sita kwa watu tisa, yaani hata viwili viwili havitoshi. Baadaye sana ndipo nikasikia kwamba bima za binafsi nazo zilitakiwa kulipia vipimo vinane kwa mwezi kwa kila mtu, kuanzia Januari hiyo hiyo. Kadi ya bima ya mume wangu ilikuwa kwenye pochi yake muda wote huo.

Vile vya kwanza vilifika Februari. Masanduku ya barua ya mtaani kwetu ni ya chuma, yamepangwa kando ya barabara, na asubuhi ile ukiyashika kwa mkono mtupu ngozi inataka kubaki. Maboksi yalikuwa baridi kama yametoka kwenye friza. Mume wangu alitaka tufungue pale pale. Mtoto wa kwanza, ambaye ndiye msomaji wetu wa Kiingereza, akasema karatasi inataka viachwe ndani saa mbili kwanza vipate joto la chumba. Tukaviweka juu ya meza, tukavizunguka kama wageni.

Mama ndiye aliyetuondoa woga. Nyarugusu alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwashika watoto wasitikisike wakitobolewa kidole kupimwa malaria. Alipoona kile kiplastiki cheupe chenye dirisha dogo na herufi C na T, alicheka.

"Si ile ile ya malaria hii? Wametoa damu, wameweka kamasi."

Na ndivyo kilivyo. Ndani kuna ukanda wa karatasi, majimaji yanaupanda polepole, yakibeba kinachotafutwa rangi inajikusanya na kuwa mstari. Cha mimba kinafanya hivyo, cha malaria hivyo hivyo. Mstari wa C unakwambia kipimo ni kizima, wa T unakwambia habari yako. Wamarekani wengi niliofanya nao kazi walikuwa wanashangaa jinsi ya kukisoma. Kwetu mwanamke asiyejua hata kuandika jina lake alikuwa anakisoma miaka kumi nyuma, tena akiwa amembana mtoto anayelia kwapani. Hili huwa naliwaza kila nikisikia watu wa kambini wanasemwa kwamba wanahitaji kuelimishwa.

Sasa, siku yenyewe. Jumapili jioni, mtoto wa tatu anakohoa tangu Ijumaa na macho yamemlegea. Mama akaketi kwenye kiti cha plastiki chini ya taa ya jikoni, mtoto katikati ya magoti, akamwambia atazame dari. Kijiti chenye pamba mbichi kikaingia pua ya kulia, mizunguko mitano, kikahamia ya kushoto, mitano tena. Mtoto akapiga chafya usoni kwa bibi yake. Kijiti kikaingia kwenye kichupa, kikakorogwa mara kumi na tano huku watoto wote wanahesabu kwa sauti, kisha matone matatu kwenye kishimo. Dakika kumi na tano. Mdogo wangu akaweka simu ihesabu.

Ulikuja mstari wa C, mwekundu, umekoza. Wa T ukaja kama umechorwa na penseli halafu ukafutwa.

"Hicho ni kivuli," mume wangu akasema.

Mama akakiinua, akakigeuza huku na huku chini ya mwanga wa simu. "Baba, mstari ni mstari. Kule kwenye malaria hatukuwa tunauliza umekoza kiasi gani. Ukionekana, mtoto anapewa dawa."

Mume wangu hakuwa mbishi wa kawaida tu. Alikuwa na zamu saa kumi alfajiri, na kivuli kile kilikuwa na bei. Nchi hii haina sheria ya taifa zima inayomlazimisha mwajiri kumlipa mtu akiumwa. Ilikuwapo ya muda mwaka 2020, ikaisha Desemba mwaka huo huo. Mwishoni mwa 2021 kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilipunguza siku za kujitenga kutoka kumi hadi tano, na bado tano ni wiki nzima ya mshahara kwa mtu wa kibarua. Kwa hiyo kabla ya kujipima, kila mtu mzima wa nyumba yetu alikuwa anapiga hesabu ya kodi kimoyomoyo. Kuna watu wa kanisani kwetu ambao walikuwa na vipimo kabatini na hawakuvifungua. Siwalaumu. Ukishajua, unawajibika.

Mume wangu alijipima. Kipimo hakikuonyesha kitu, akaenda kazini, barakoa mbili usoni. Jumanne jioni akarudi anatetemeka, tukatumia kipimo cha tatu, na safari hii mstari wa T ulijitokeza kabla hata dakika tano hazijaisha. Agosti mwaka huo mamlaka ya dawa, FDA, ilitangaza kwamba kipimo cha nyumbani kikisema huna, urudie baada ya saa 48, na kama huna dalili urudie mara mbili. Sisi tulishalipia somo hilo Februari.

Kikabaki kimoja. Mimi kichwa kinagonga, Mama anakohoa, watoto wawili wa chini wana homa. Nikauliza nani apimwe.

"Mnataka kupima nini?" Mama akasema. "Wote tunayo. Hicho wekeni."

Akainjika sufuria la tangawizi, ndimu na vitunguu saumu, akatufunika shuka wawili wawili tujifukize. Mjomba alipiga simu kutoka Kigoma, akasikia kelele za nyungu nyuma ya simu, akafurahi sana. Huyu ni yule ambaye tangu Mei 2020, Rais Magufuli aliposema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara zikarudi na Korona, kila tukizungumza lazima aulize kama tumeshapima matunda ya huko Marekani. "Na papai je? Lina mstari mmoja au miwili?" Mama alimjibu kwamba papai la Kentucky halina hata ladha, litapata wapi ugonjwa.

Kile kimoja kilichobaki nilikitumia mimi, kwa sababu ya kazi. Nilikuwa kwenye ghala la kupanga mizigo. Nikapiga picha kipimo kikiwa na mistari miwili, pembeni nimeweka karatasi ya tarehe, nikamtumia supavaiza. Akajibu kwamba picha ya nyumbani haikubaliki, nilete majibu ya kliniki. Kliniki ya karibu ilikuwa na nafasi baada ya siku nne. Yaani serikali imeniletea kipimo mpaka mlangoni, mimi nimekifanya sawasawa, na mwajiri anataka nipande basi na virusi vyangu nikatafute karatasi yenye muhuri. Nilikaa nyumbani, na siku zile zikahesabiwa utoro.

Kuhusu chanjo za nyongeza, zilipoanza kuzungumzwa mwishoni mwa 2021 watu wengi wa jamii yetu walikasirika. Tuliambiwa mbili, sasa ya tatu imetoka wapi? Ni chanjo gani isiyoisha? Mama hakuona ajabu. Alisema, "Mimi pepopunda nimechanjwa mara tano nikiwabeba ninyi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini haiishi." Mwanamke yeyote aliyehudhuria kliniki ya wajawazito Afrika Mashariki anaikumbuka kadi ile. Kilichomuudhi ni kingine. Alichanjwa Moderna, na dozi ya nyongeza ya Moderna wakati ule ilikuwa nusu ya zile za mwanzo. Mfamasia alipomweleza hivyo kwa nia njema, Mama akanigeukia: "Nusu? Kwa nini wananipunja?"

Ya nne ilikuwa Oktoba 2022, ile iliyotengenezwa kwa kirusi cha mwanzo pamoja na Omicron. Tuliipata ndani ya supamaketi. Mpaka leo sijalizoea jambo hili: unapita kwenye mikate, unapita kwenye chakula cha mbwa, unakuta viti viwili na pazia, hapo ndipo hospitali. Wakampigia mkalimani wa Kiswahili kwa simu, spika imefunguliwa. Mama akamwamkia, akauliza habari za nyumbani, za watoto, akamuuliza yeye ni mtu wa wapi. Mkalimani alikuwa wa Mombasa. Mama akasema ana shemeji aliwahi kufika Mombasa. Mfamasia amesimama na sindano, anatabasamu kwa adabu, nyuma yetu foleni ya watu saba.

Kisha mkalimani akauliza, "Mama, una mizio yoyote?"

"Mizizi?"

"Mizio."

"Mizizi ninayo, lakini nimeiacha nyumbani."

Ni kweli, anayo. Huletewa na wageni wanaotoka Tanzania. Ilibidi niingilie kati niseme "aleji", na wote wawili, Mama na yule wa Mombasa, wakasema "aaa!" kwa pamoja.

Kadi yake nyeupe ya chanjo ina mistari minne tu: ya kwanza, ya pili, nyingine, na nyingine tena. Siku ile ikajaa. Anaitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya mgao ya Nyarugusu na karatasi alizoingia nazo nchini. Alipochanjwa tena 2023, akaambiwa kadi hazitolewi siku hizi, taarifa ziko kwenye kompyuta. Hakukubali. Mtu aliyekaa kambini miaka karibu ishirini anajua kompyuta inavyoweza kukupoteza. Alisimama pale mpaka mfamasia akaandika tarehe nyuma ya kadi kwa kalamu na kuweka sahihi. Ya 2024 imeandikwa chini yake.

Mimi niliishia ya 2022, na nitasema ukweli kwa nini, maana mmeuliza. Siogopi sindano, wala siamini habari za kuwekewa kitu mwilini. Kila nyongeza ilinilaza siku nzima, mkono mzito, homa, maungo yanauma kama nimelima, na siku nzima ni zamu moja. Ghala lile nimeliacha, lakini nilipo sasa nako siku ya ugonjwa hailipwi. Chanjo yenyewe sijawahi kuilipia hata senti. Wataalamu wakihesabu watu walioacha nyongeza nadhani tunawekwa fungu moja na wanaozikataa, na mume wangu ambaye anazikataa kwelikweli amefurahi sana kunipata upande wake. Nimemwambia siko upande wake.

Vipimo vya bure vilisimama na kurudi mara kadhaa, mpaka Machi 2025 vikafungwa. Tulibaki na maboksi mawili kabatini, nyuma ya unga wa ugali. Juzi mjukuu mdogo wa Mama alianza kukohoa, Mama akayatoa, akasoma tarehe: imepita. Mtoto wa kwanza akamwambia FDA iliviongezea muda vipimo vingi, unatafuta namba ya toleo kwenye orodha yao. Wakaitafuta pamoja kwenye simu, Mama amevaa miwani, kidole kinashuka namba kwa namba. Yetu ilikuwamo, imeongezwa muda, na muda ule wa nyongeza nao ulikuwa umepita.

Akavitupa. Kule zahanati dawa iliyopita tarehe ilikuwa inachomwa moto, na yeye hana mchezo na tarehe. Vijiti vya pamba tu ndivyo alivyovibakiza. Anavitumia kutilia mafuta cherehani yake, anasema vinafika mahali ambapo kitambaa hakifiki.