Zana za GIMP zimetoweka kwenye skrini: usiifute programu, anza na Tab

Ndugu wa Nakuru, pole na usumbufu. Kama nimekuelewa, ulifungua GIMP 2.10, ile programu ya kuhariri picha, umalizie kadi za harusi za mteja, ukakuta zana za upande wa kushoto hazipo, paneli ya Layers (tabaka za picha) upande wa kulia nayo haipo, imebaki picha na menyu ya juu tu. Ukazima kompyuta ukaiwasha, ukaifuta programu, ukanunua bando ukaipakua upya, na hali ni ile ile.

Mimi huchapisha kadi na fulana hapa Kondele, Kisumu, na shida hii naletewa mara kwa mara, hata na vijana wa maduka jirani. Sikubaliani na mwenzetu aliyekujibu kwamba ni virusi. Fungua menyu ya Tools. Ukiona brashi, penseli na mkasi zimeorodheshwa humo, basi hakuna kilichopotea. Zimefichwa tu.

Kwako wewe, kwa vile pande zote mbili zimeondoka kwa mpigo, mshukiwa wa kwanza ni kitufe cha Tab. Katika GIMP, Tab huficha paneli zote ili picha ijae skrini, na ukiibonyeza tena zinarudi. Wengi huibonyeza bila kujua: mtu anataka kuhamia dirisha lingine kwa Alt na Tab, kidole kinateleza kwenye Alt, Tab inabaki peke yake. Njia salama ni menyu ya Windows iliyo juu ndani ya GIMP yenyewe: tafuta Hide Docks (ficha paneli), na ukikuta imewekewa alama ya vema, iondoe. Napenda njia hii kuliko kubonyeza Tab yenyewe, kwa sababu Tab hufanya kazi hiyo pale tu picha ndiyo inayopokea vitufe, na wengine hubofya picha kwanza ili isikie. Ukibofya kwanza juu ya picha ilhali umeshika brashi, unaacha doa kwenye kazi ya mteja.

Sasa, mbona kufuta programu hakukusaidia? Hili ndilo ningependa kila mtu hapa alishike, maana watu wanamaliza bando bure. GIMP inapofungwa huandika hali ya madirisha yake katika faili iitwayo sessionrc. Humo imeandikwa kama paneli zimefichwa au la. Faili hiyo haikai pamoja na programu. Inakaa kwenye folda yako wewe mtumiaji. Ukiifuta programu, folda hiyo inabaki. Ukiiweka upya, programu mpya inasoma maagizo ya zamani na kuyatii.

Kama Hide Docks haina alama na bado huoni kitu, huenda paneli zilifungwa kabisa, si kufichwa. Hapo bonyeza Ctrl na B kurudisha zana, Ctrl na L kurudisha Layers. Katika menyu hiyo hiyo ya Windows kuna Recently Closed Docks inayoorodhesha zilizofungwa karibuni, na Dockable Dialogs yenye paneli zote, Tool Options (mipangilio ya zana uliyoshika) ikiwemo.

Kuna na wale wanaotumia madirisha yaliyotenganishwa, ambao Single-Window Mode (dirisha moja, katika menyu hiyo hiyo ya Windows) kwao haina alama. Ukiwa uliunganisha laptopu na projekta ya kanisani au shuleni, sanduku la zana linaweza kubaki upande wa skrini ambayo haipo tena. Weka alama kwenye Single-Window Mode, kila kitu kitaungana katika dirisha moja.

Dada mmoja aliuliza chini ya swali lako kwamba kwake zana zipo ila chache, penseli na spreya hazionekani. Hilo ni jambo jingine. Tangu toleo la 2.10.18, la Februari 2020, GIMP huzipanga zana kwa makundi: penseli, spreya na kalamu ya wino zimejificha nyuma ya brashi. Bofya ikoni kwa kitufe cha kulia cha kipanya, zote zitafunguka. Herufi nazo zinafanya kazi bila kutafuta ikoni: N ni penseli, P brashi, A spreya. Asiyetaka makundi aende Edit, Preferences, Interface, Toolbox, aondoe alama kwenye Use tool groups. Binafsi huwa nayaondoa kwenye mashine ya mwanafunzi, maana anayejifunza anahitaji kuona kila zana mahali pake.

Yote yakishindikana, rudi Preferences, sehemu ya Window Management, ubofye Reset Saved Window Positions to Default Values, kisha ufunge GIMP na kuifungua tena. Ikigoma hata hapo, ifunge, andika %APPDATA%\GIMP kwenye upau wa anwani wa File Explorer, ingia folda ya 2.10 (aliye na toleo la 3.0 ataona 3.0), kisha ubadilishe jina la sessionrc liwe sessionrc-zamani. GIMP itaunda nyingine safi. Usifute folda nzima: brashi na gradienti (rangi zinazobadilika taratibu) ulizojiongezea kwa kawaida zimo humo humo.

Mkishapata mpangilio mnaoupenda, hasa dukani ambako mashine moja inashikwa na watu kadhaa, pale pale Window Management bofyeni Save Window Positions Now, halafu muondoe alama ya Save window positions on exit. Kuanzia hapo, hata mtu akigusa Tab jioni na kuondoka, asubuhi GIMP inafunguka na zana zote mahali pake.