Kwa mnaoanza kurudishia ndani ya gari la spoti la zamani: mbao, ngozi na vya chini ya kapeti

Nyie mnaoanza na hizi gari za spoti za zamani, wengi naona mnaingia na swali moja tu, laka gani inang'aa zaidi. Mi ningeanza na lingine, ukimaliza unataka gari lionekane la umri gani? Maana ukichukua dashibodi ya mbao ukaisugua mpaka unajiona sura, afu ukairudisha juu ya siti zenye ngozi iliyochoka na kapeti lililopauka, vitu vyote vingine vitaanza kuonekana vichafu hata kama jana vilikuwa vinapendeza, ukibadilisha siti milango inakuwa mibaya, ukimaliza milango dari nayo inalia. Hiyo safari haina breki. Kwa hiyo amua kwanza, unatunza kilichopo au unafanya gari zima upya, ila usiwe katikati.

Na usidhani kila mbao ilitoka kiwandani inameremeta. Triumph TR6 ina dashibodi ya plaiwudi iliyobandikwa wolnati, mbao ya kahawia, na ilitoka na mng'ao wa chini, wa kufifia hivi. Jaguar E-Type za mwanzo, za 1961, sehemu ya kati ya dashibodi ni alumini, mbao utaikuta kwenye usukani. Mtu anayejaza mbao E-Type nzima amefanya mapambo yake, sawa tu, gari ni lake, ila asituambie amelirudisha lilivyotoka kiwandani.

Kabla hujavua chochote, piga picha, nyingi mpaka ujichoke. Kila waya wa nyuma ya geji ubandike karatasi yenye jina, rangi ya waya wa zamani usiiamini imeshafifia na mafundi wengine wameshapita hapo. Betri inatoka kwanza. Afu angalia geji ya joto, nyingine haitumii umeme, ina kibomba chembamba cha shaba kinachoenda mpaka kwenye injini na ndani kina kimiminika cha ether. Ukikikata au kukikunja vibaya geji imekufa, haiungiki kirahisi, kwa hiyo chomoa upande wa injini uitoe yote kwa pamoja. Geji ya presha ya oili nayo mara nyingi ina kibomba chenye oili yenyewe, weka tambara chini kabla hujalegeza. Na kama ni gari la zamani sana lenye geji za namba zinazong'aa gizani, usizifungue kukwangua, baadhi ya hizo rangi zina radiumu, kitu chenye mionzi.

Sasa, mbao na ngozi subiri kwanza. Ng'oa kapeti. Yale matandiko ya chini yake yananyonya maji kama sponji na kuyashika miezi, wakati juu pakavu kabisa, na sakafu inaliwa na kutu taratibu. Tafuta maji yanaingilia wapi: mpira wa kioo cha mbele, turubai la paa, mashimo ya kutolea maji yaliyoziba majani. Ukisikia harufu tamu tamu na kioo kinajaa ukungu wenye mafuta, hiyo ni hita inavuja maji ya rejeta. Kama hujamaliza hili, ngozi mpya unainunulia ukungu. Kapeti la zamani hata kama limeoza usilitupe, ndo patani yako ya kukatia jipya. Hivyo hivyo ngozi za siti, kadibodi za milango, vyote weka mpaka gari liishe.

Haya, mbao. Kitu cha kwanza kiingie kichwani, unachokiona juu ni vinia, utando mwembamba wa mbao uliobandikwa, kwa kawaida haifiki milimita 1 na nyingi za kununua leo ni kama 0.6. Msasa wa mashine unaimaliza ukiwa bado unatafuta redio. Kwa hiyo laka ya zamani usiitoe kwa msasa. Ile ikishapasuka pasuka kwa jua mara nyingi inabanduka kwa kikwangulio chenye makali kikilala, ukisaidia na hewa moto kidogo, kidogo tu nasema, maana gundi ya zamani nayo inalegea kwa joto na vinia itavimba mapovu. Dawa ya kutolea rangi pia inafanya kazi, jaribu nyuma kwanza. Msasa unakuja mwisho, kwa mkono, umefungwa kwenye kipande cha mbao bapa, kuanzia msasa namba 240 hivi, kwa kufuata mshipa wa mbao, na kwenye kona gusa kidogo sana, vinia inatobokea konani na kwenye mzunguko wa matundu ya geji.

Mbao ikiwa uchi utaona imepauka, wolnati jua linaifanya iwe njano njano. Rangi yake ya kweli iko chini ya pete za geji, pale jua halijawahi kufika, chukua hapo kipimo cha rangi yako. Sehemu iliyobanduka irudishe kwa gundi na kibano, katikati weka karatasi ya nailoni isije ikaganda na ubao wa kubania. Iliyopotea kabisa ni habari nyingine. Vinia za gari nzuri zimepangwa kwa jozi, kushoto na kulia zinatazamana maana zimekatwa zikifuatana kwenye gogo moja, kwa hiyo ukiweka kipande cha mti mwingine upande mmoja jicho linakiona hapo hapo. Bora ubandike upya seti nzima.

Laka sasa, tabaka nyembamba nyingi, siku ya ukavu, ukisugua katikati kwa msasa wa maji. Ile ya kuchanganya na hadena, yaani dawa ya kuigandisha, ni ngumu na inastahimili jua kuliko ya selulosi, lakini zile za poliyurethani hadena yake ina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya vumbi haizuii kitu, ukipuliza unahitaji ile inayoletewa hewa safi kwa bomba. Anayetumia mafuta ya kitani, matambara yako yatandaze yakauke nje au yaloweke majini, yakikunjwa pamoja yanaweza kujiwasha moto yenyewe. Na kama dashibodi ilikuwa inapakwa dawa ya kung'arisha yenye silikoni, isafishe sana kabla ya kupaka, la sivyo laka inakimbia na kuacha vitundu vitundu.

Siti nitasema kwa kifupi. Gari nyingi za Uingereza unakalia ngozi lakini pembeni na nyuma ni vinili, kwa hiyo usipake dawa moja kote. Uzi huwa unaoza kabla ya ngozi, ushone kwa mkono ukipitia matundu yale yale, mashine ikiongeza matundu mapya ngozi inachanika kwenye mstari. Sponji ikishakuwa unga badilisha, na mikanda ya mpira chini yake ibonyeze uone kama imelegea kabla ya kumlaumu fundi wa siti kwamba umekaa chini sana.

Kwenye kurudisha, usiharakishe geji. Laka inaonekana kavu juu wakati chini bado laini, pete ikikazwa mapema inazama na kuacha alama, iache wiki kadhaa sehemu yenye joto la kawaida. Skrubu zote kwa bisibisi ya mkono, drili weka mbali, na kama tundu limelegea jaza kijiti chenye gundi, kikauke, utoboe upya.