Nyumba ya nyasi ya Kasubi

SWALI: Shikamoo mama. Nitapeleka wanangu Kampala likizo, kwa basi kupitia Bukoba na Mutukula. Nataka waone Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda, ila mume wangu anasema hakuna cha kuona, ni nyumba ya nyasi tu. Unashaurije?
– Mama wa Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Wapeleke! Hiyo nyumba ya nyasi, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa 1882 kuwa jumba la Kabaka (mfalme) Muteesa wa Kwanza. Alipofariki 1884 akazikwa humo humo, na makabaka watatu wakamfuata.

Mkiingia, waambie watoto watazame juu kwanza. Dari ni pete 52 za makuti yaliyofungwa kwa ustadi, moja kwa kila ukoo wa Buganda, zikipungua upana kuelekea kileleni. Nguzo zimevikwa nguo ya gome la mti wa mutuba, rangi ya udongo mwekundu, na pazia la gome hilo hilo linaficha msitu mtakatifu wa makaburi. Nyuma yake mgeni hapiti. Mimi sijaona dhahabu inayonigusa kama gome lile.

Jumba liliungua Machi 2010, likajengwa upya. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Vaa gauni refu, mvue viatu, mkae kwenye mikeka.

Kabla ya safari, anzeni makumbusho ya Bujora pale Kisesa, karibu tu na mjini, waone ngoma za watemi wetu wa Usukuma.