Maswali ya Wasomaji: Kalmodulini, protini inayoshika kalsiamu

Kalsiamu nimezoea kuisikia kwenye mifupa na meno. Sasa nasoma kwamba ndani ya seli kuna kalmodulini inayoishika. Inaishika ili iweje?

Ili seli ipate habari. Seli iliyotulia huitoa kalsiamu nje kwa bidii: ndani hubaki takriban mikromoli 0.1 kwa lita, ilhali nje ipo zaidi ya milimoli 1, yaani mara elfu kumi. Milango ya kalsiamu kwenye utando wa seli ikifunguka kidogo tu, kiwango cha ndani hupanda ghafla, na kupanda huko ndiko ishara. Kalmodulini huisoma.

Ni mnyororo wa asidi amino 148 uliojikunja ukawa na vichwa viwili na shingo inayopindika. Kila kichwa kina mifuko miwili, na kila mfuko hukaa ayoni (chembe yenye chaji) moja ya kalsiamu. Mifuko ikijaa, kichwa hufunuka na kutokeza sehemu zinazokimbia maji, hasa methionini. Mkono wa methionini ni mrefu na unanyumbulika, hivyo hujibana kwenye nyuso za maumbo mbalimbali. Hapo ndipo uzuri wa protini hii ulipo: moja inahudumia washirika wengi.

Kitakachofuata kinategemea nani ameshikwa. Kwenye misuli laini ya mishipa ya damu ni kimeng'enya kinachoipa miosini fosfati, na mshipa hubana. Kwenye seli T za kinga ni kalsinurini, inayowezesha protini NFAT kuingia kwenye kiini na kuwasha jeni. Takrolimasi, dawa ya waliopandikizwa figo, huizuia kalsinurini hiyohiyo.

Nasafisha kalmodulini kwa safu ya Phenyl-Sepharose (chembe zinazoshika sehemu zinazokimbia maji), lakini yote hupita bila kushika. Hata ile kidogo niliyopata, spektrofotomita haionyeshi kitu kwenye nanomita 280.

Haya ni matatizo mawili tofauti. Kuhusu safu, kagua kwanza bafa (mchanganyiko unaotuliza pH) ya kupasulia bakteria. Ikiwa ina EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu, milimoli 2, ukaongeza kalsiamu milimoli 1, EDTA imeichukua yote na kalmodulini imebaki imefumba. Haina cha kushikia. Ongeza kloridi ya kalsiamu hadi milimoli 5 kabla ya kupakia, na tumia bafa ya Tris yenye pH 7.5. Bafa ya fosfati iache, itagandisha kalsiamu. Osha ukiwa bado na kalsiamu, kisha toa protini kwa EGTA, kemikali nyingine inayonasa kalsiamu, milimoli 2. Pima pH baada ya kuchanganya, kwani EGTA ikishika kalsiamu huachia protoni na pH ya bafa nyepesi hushuka.

Kuhusu kipimo, protini pengine ipo. Kalmodulini ya binadamu haina triptofani hata moja, ina tairosini mbili tu, na hizo ndizo asidi amino zinazofyonza mwanga wa nanomita 280, kwa hiyo miligramu 1 kwa mililita husoma takriban 0.18. Hakikisha kwa jeli ya SDS, inayotenganisha protini kwa ukubwa: sampuli yenye kalsiamu hukimbia mbele kuliko yenye EGTA.

Jeni tatu, CALM1, CALM2 na CALM3, hutengeneza protini ileile. Mbona kasoro kwenye moja tu inaweza kuvuruga moyo?

Kwa sababu kalmodulini mbovu haikai pembeni. Hukalia mlango wa kalsiamu wa seli za moyo, nafasi ya ile nzima, kisha inashindwa kuufunga kwa wakati. Mtoto anayezirai akikimbia au akishtuka apimwe umeme wa moyo mapema.