Maswali ya Wasomaji: Nimeicheki bure imetoka safi, nilipe?

Mwezi huu karibu barua zote ni za magari, tena wengi mnauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, nimechagua tatu.

Swali (Dereva mtarajiwa, Houston, Texas): Habari za kazi. Nina watoto wawili na basi la huku halifiki kazini kwangu, kwa hiyo natafuta gari. Nimepata Honda Accord ya 2012 kwa mtu binafsi mtandaoni, bei poa kweli, jamaa akaniambia kaka we ingiza VIN, yani namba ya utambulisho wa gari, kwenye VINCheck ya NICB utajionea mwenyewe. Nimeingiza, imesema haina rekodi ya wizi wala salveji. Mimi nataka twende kwa fundi kwanza, mke wangu anasema ya nini kumlipa fundi wakati serikali ishasema gari ni safi. Nani yuko sawa?

Jibu: Mwambie shemeji, kwa heshima zote, kwamba hiyo sio serikali. NICB ni taasisi ya makampuni ya bima, na VINCheck yao inajibu mambo mawili tu: gari imeripotiwa kuibiwa na haijapatikana? na kuna kampuni ya bima mwanachama iliyowahi kuiripoti kama salveji, yani imeharibika kiasi cha bima kuona bora wamlipe mwenyewe waichukue? Basi. Haigusi rekodi za polisi, haigusi ajali ambayo watu walimalizana barabarani. Ni sawa na kumuuliza mjumbe wa nyumba kumi kama fulani ni mlevi, atakwambia zile siku alizogombana hadharani tu.

Sasa wewe uko Houston, na Houston nadhani hamjasahau kile kimbunga Harvey cha Agosti 2017 na mafuriko yake. Chukulia mtu alikuwa na ile bima ndogo ya kumlipa utakayemgonga, gari yake ikazama hadi kwenye viti. Bima hiyo hailipi mafuriko, kwa hiyo hakudai, hakuna kampuni iliyoripoti, akaikausha, akaosha kapeti, akauza. Ukiingiza VIN ya gari hiyo leo inatoka safi kabisa, na mtandao haujakudanganya, haujui tu. Ndo maana nasema majibu ya bure yasome hivi: ikisema ina tatizo amini, ikisema haina, maana yake hakuna aliyeripoti.

Lakini usiache kucheki, ni bure na inaruhusu mara 5 kwa masaa 24. Ila kabla ya mtandao anza na namba yenyewe, maana watu wanaingiza VIN waliyotumiwa kwenye meseji na hawajui kama ni ya hiyo gari. Simama nje upande wa dereva, angalia chini ya kioo cha mbele kwenye kona ya dashibodi, kuna kibati kina herufi na namba 17. Halafu fungua mlango wa dereva, kuna stika ubavuni, linganisha moja moja. VIN haina I wala O wala Q, ukiona hizo ujue mtu kakosea au kuna mchezo. Hesabu mpaka ya 10, hiyo ni mwaka wa modeli, kwa 2012 lazima iwe C. Kama sio C usiendelee na hiyo stori.

Baada ya hapo ingia nhtsa.gov sehemu ya rikoli, yani magari yanayoitwa kurudishwa kurekebishwa kasoro ya kiwandani, hii sasa ndo ya serikali na ni bure. Kwa gari yako ni muhimu sana kwa sababu Accord za 2008 mpaka 2012 zimo kwenye ile rikoli ya ebegi (mifuko ya hewa ya kukukinga kwenye ajali) zilizotengenezwa na Takata. Kile kinachojaza ebegi kinaharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, na ebegi ikifyatuka inaweza kurusha vipande vya chuma usoni kwa mtu. Joto na unyevu, yani Houston. Ikionyesha rikoli bado haijafanyiwa kazi, dila (muuzaji rasmi) wa Honda anabadilisha bila kukutoza hata senti, haijalishi wewe ni mwenye gari wa ngapi.

Cha kulipia kidogo ni ripoti ya NMVTIS, mfumo wa Marekani wa kumbukumbu za umiliki wa magari, unaanzia vehiclehistory.gov unachagua kampuni mojawapo waliyoiidhinisha, ni dola chache. Hii ina nguvu kuliko ya NICB kwa sababu makampuni ya bima, yadi za mikweche na minada ya salveji wanalazimishwa na sheria kuripoti humo, na majimbo yanaweka alama walizogonga kwenye taito, yani hati ya umiliki. Kuna ujanja wa kuhamisha gari jimbo hadi jimbo mpaka taito mpya itoke bila ile alama ya mafuriko, sasa humu historia inabaki. Ripoti za historia ya gari za Carfax na AutoCheck nazo ni za kulipia, ila gari ikiwa yadi mara nyingi dila anakuonyesha bure, we omba tu. Na ukikuta mtandao umeandika BURE kwa maherufi, unaingiza VIN, kitu kinazunguka weee halafu mwisho inadai namba ya kadi, funga.

Taito uione kwa macho, sio picha. Jina lililoandikwa liwe la huyo anayekuuzia, ulinganishe na kitambulisho chake. Akisema ni ya binamu yake yuko safarini, huyo inawezekana ni dalali asiye na leseni anajifanya mwenye gari, mtaani wapo wengi. Na mwambie aandike maili kwenye taito wakati wa kukuhamishia. Atakuja na ile hadithi ya gari ikipita miaka 10 hamna haja, hiyo ni kwa magari ya 2010 kurudi nyuma, kuanzia modeli ya 2011 sheria inadai mpaka miaka 20.

Kwa hiyo kwenye kesi yenu nakupa ushindi wewe kaka, nendeni kwa fundi, na awe fundi wenu sio wa kwake. Mkiwa mnasubiri, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, ule utepe wa ndani kabisa ambao hakuna anayeuosha. Ukikuta mstari wa tope umekaukia pale, yani gari ilizama, shemeji mwenyewe atasema twende nyumbani.

Swali (Nairobi): Niaje mhariri. Nimeonyeshwa Mercedes C200 ya 2018 imetoka UK, dashibodi inasoma elfu hamsini na mbili. Muuzaji anaapa haijaguswa. Kuna njia ya kujua bila kulipa?

Jibu: Ipo, na kwa magari ya Uingereza mna bahati kuliko wenzenu wote. Mwambie muuzaji akupe namba ya pleti ya kule, ile ya zamani, iko kwenye karatasi alizoingizia gari. Ingia GOV.UK kwenye historia ya MOT, weka hiyo namba tu, huhitaji akaunti. MOT ni ukaguzi wa kila mwaka unaoanza gari ikifika miaka 3, na kila ukaguzi wanaandika maili, kama imefaulu au imefeli, na vitu walivyomwonya mwenyewe, mfano tairi zimeisha au breki zina kutu. Namba za maili zisome kuanzia chini kwenda juu. Zikipanda vizuri halafu zikashuka ghafla, umemaliza, dashibodi imeguswa. Gari iliyokaa England mpaka miaka 7 inapaswa kuwa na mistari kama minne, ukikuta mmoja uliza miaka mingine ilikuwa wapi.

Halafu 52,000 hizo ni MAILI mkuu, ni kama kilomita 84,000, usije ukalinganisha bei na gari ya Japani iliyosoma kilomita 52,000. MOT pia haikuambii kama bima ya kule iliifuta kwa ajali, wao wanaziita Category S na N, hiyo ni ripoti ya kulipia. Na kama ishapata pleti ya Kenya, fanya sachi ya NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kupitia eCitizen, ada ni ndogo, uone jina la mwenyewe na kama kuna benki imejiandikisha humo kwa sababu ya mkopo.

Swali (Dada wa IST, Dar): Nimeingiza chesisi namba ya Toyota IST kwenye ile mitandao ya Marekani inasema namba sio sahihi. Nimepigwa?

Jibu: Hapana dada, hujapigwa, bado. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana VIN ya herufi 17, yana chesisi namba fupi, kwa hiyo mitandao ya Marekani haiitambui. Ila hiyo fupi yenyewe inaongea. IST ya kizazi cha kwanza ikianza NCP60 ni injini ya sisi (cc) 1300, NCP61 ni 1500. Muuzaji akisema ni cc 1500 na chesisi inasema NCP60, unajua ushaanza kudanganywa, na kadi ya gari nayo ina cc zake, linganisha. Kama ndo imeshuka bandarini juzi omba karatasi ya mnada wa Japani, gredi ikiwa R au RA ujue ilishapata ajali ikatengenezwa, na cheti cha kuitoa Japani kina kilomita zake. Kama imetembea Bongo miaka, weka namba ya gari kwenye TMS, mtandao wa polisi wa makosa ya barabarani, uone faini, ni bure, zikiwepo alipe mbele yako ndo umtumie hela.