Bawaba na vishikio vya karavani ya zamani: rangi ya kopo inashika, ila kazi inaanzia kwenye sabuni

Mkuu, umeuliza kama bawaba na vishikio vya makabati ya karavani yako (nyumba ndogo ya kuvutwa na gari) ya miaka ya 1960, vile vilivyochujuka mng'ao wa dhahabu na kuanza kutu, vinaweza kupulizwa rangi vikadumu, au bora utafute vipya. Mchangiaji mmoja hapo juu kakwambia rangi ya kopo la kupuliza kwenye chuma hubanduka ndani ya mwezi. Mimi kazi hii nimeifanya kwenye karavani mbili. Ya kwanza ilibanduka kweli, tena kabla ya mwezi kuisha. Ya pili sasa ina miaka sita, tunasafiri nayo kila likizo, na vishikio bado vizima. Rangi ilikuwa ya aina ileile. Kilichobadilika ni yale niliyoyafanya kabla ya kushika kopo.

Kuhusu kununua vipya, usikimbilie. Milango mingi ya makabati ya karavani za wakati ule imechongwa ukingo: sehemu ya unene wake inazama ndani ya fremu na sehemu inabaki nje, na bawaba imekunjwa kufuata kina hicho. Ukiweka bawaba isiyo na mkunjo uleule, mlango hautafunga sawasawa. Matundu ya skrubu nayo hayatalingana, na plaiwudi yenyewe ni nyembamba. Ukitoboa tundu jipya jirani na la zamani, mbao inapasuka na skrubu haina pa kung'ata. Bawaba ya zamani ambayo haijapinda ni mali. Itunze.

Sasa ile karavani ya kwanza. Nilifungua vishikio, nikavifuta kwa kitambaa chenye maji, nikapiga msasa juu juu, nikapuliza. Vilipendeza sana. Wiki ya tatu nikavuta droo iliyo kando ya jiko, na kipande cha rangi ukubwa wa ukucha kikabaki kwenye kidole gumba. Kilitoka kama ganda la kitunguu, kizima, hakikukatika. Nikapitisha kidole upande wake wa ndani: unateleza. Yalikuwa mafuta ya kupikia. Miaka na miaka ya moshi wa kikaango ilikuwa imeganda pale, na mimi nilikuwa nimepaka rangi juu ya mafuta, sio juu ya chuma. Vishikio vyote vikarudi kwenye beseni.

Kwa hiyo fungua kila kitu. Piga picha kabla, na weka vifaa vya kila mlango kwenye mfuko wake wenye alama, maana bawaba iliyozoea mlango mmoja si lazima ikae vizuri kwenye mwingine. Loweka kwenye maji ya moto na sabuni ya vyombo, kisha sugua kwa mswaki wa zamani, hasa upande wa nyuma na kwenye kona ambazo vidole havifiki. Badilisha maji mpaka yabaki meupe. Kausha, halafu futa kwa tina (kile kimiminika cha kuyeyushia rangi) na kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na rangi ya chai, futa tena. Haya yote fanya kabla ya msasa. Ukianza na msasa unayasukuma mafuta yaingie kwenye mikwaruzo, na hapo kuyatoa ni shida. Kama mwenye karavani wa zamani alikuwa anang'arisha makabati kwa dawa ya samani yenye silikoni, utaiona rangi ikikimbia na kuacha vishimo vya mviringo kama macho ya samaki. Ukiviona usiongeze rangi juu yake. Osha yote, anza upya.

Baada ya kuosha, chukua sumaku. Hatua hii watu wanairuka, na ndiyo inayokwambia ununue praima gani, yaani ile rangi ya chini inayoshikisha rangi ya juu. Ikishika, hicho ni chuma kilichopakwa madini mengine kwa juu, na bawaba nyingi za makabati ni za namna hiyo. Isiposhika, kwaruza kidogo mahali pasipoonekana. Ukiona njano mpaka ndani, hiyo ni shaba njano halisi, na nakuomba usiipulize rangi: ing'arishe tu, itakuwa nzuri kuliko rangi yoyote. Ukiona kijivu cheupe, ni alumini au zinki ya kumimina kwenye kalibu. Vishikio vizito vyenye nakshi mara nyingi ni zinki.

Chuma chenye kutu kinaweza kulala kwenye siki usiku mmoja, asubuhi ukakisugua kwa brashi ya waya, ukakisuuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, ukakikausha hapohapo. Kikikaa na maji hata kwa muda mfupi kinaota kutu mpya ya rangi ya chungwa. Zinki usiiweke kwenye siki kabisa, asidi inaila. Kwenye zinki tatizo lako litakuwa malengelenge ya mpako wa zamani wa madini uliowekwa juu yake. Hayo yaondoe kwa msasa mpaka ufike sehemu iliyoshika imara, kwa sababu rangi haiwezi kushikilia kitu ambacho chenyewe kinaachia.

Neno moja kuhusu msasa. Kama kuna mtu aliwahi kupaka rangi vifaa hivyo zamani, inawezekana ina risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na karavani yako ni ya kabla ya hapo. Usiisugue ikiwa kavu. Tumia dawa ya kubandulia rangi, au msasa wa maji, na watoto wasiwe karibu. Kwa chuma kisicho na rangi ya zamani, msasa namba 320 unatosha. Kusudi ni kuua mng'ao tu. Ukimaliza futa tena kwa tina, na kuanzia hapo shika kwa glavu.

Praima: kwa chuma, ya kuzuia kutu. Kwa alumini na zinki, ile yenye asidi inayojing'atisha kwenye madini. Kabla ya kuiacha asidi ikutane na rangi, soma kopo lake linasema nini kuhusu rangi ya kuja juu yake.

Kupuliza kwenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Tikisa kopo dakika nzima kuanzia pale goroli ndani inapoanza kugonga. Simama sentimita 25 hivi. Anza kubonyeza kabla hujafika kwenye kifaa na achia ukishakipita. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, uwe mwembamba kiasi cha kuona praima kupitia rangi. Ukitaka ufunike yote mara moja, itachuruzika. Mikono mitatu myembamba, dakika kumi hivi kati ya mmoja na mwingine, inashinda mmoja mnene. Halafu angalia muda wa kurudia ulioandikwa kwenye kopo. Rangi nyingi za enameli zinataka umalize mikono yote ndani ya saa moja, au usubiri siku moja au mbili ndipo urudie. Ukirudia katikati ya hapo, rangi ya chini inakunjamana kama ngozi ya maziwa, na dawa yake ni kubandua tu.

Pulizia nje, penye kivuli, siku isiyo na unyevu mwingi. Gesi inayosukuma rangi inashika moto, kwa hiyo usipulize ndani ya karavani hata siku moja, hasa kama jiko au friji ina kimoto kidogo kinachowaka muda wote. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa rangi. Tafuta yenye vichujio vya mvuke wa kemikali.

Bawaba zinahitaji uangalifu wake. Pale pini inapopita usijaze rangi. Mimi nazipuliza zikiwa wazi, kisha kabla rangi haijakauka sawasawa nazifungua na kuzifunga mara mbili tatu zisigande. Ulimi wa komeo na pale unapogonga naviziba kwa tepu, kwa sababu chuma kinachosuguana na chuma hakitunzi rangi, na unene ule mdogo tu unatosha kufanya komeo lisishike ukiwa barabarani. Vifaa vya gesi, yaani regyuleta, vali na vichomeo, usiviguse na kopo. Skrubu zichomeke kwenye boksi la karatasi, vichwa juu, uzipulize zote pamoja. Bisibisi itachubua vichwa wakati wa kufunga hata ufanyeje, basi puliza rangi kidogo kwenye kifuniko cha chupa na uiguse kwa brashi ndogo.

Ukipenda rangi ya kuigiza kromu, jaribu vanishi kwanza kwenye kipande kibovu. Nyingi hugeuka kijivu mara tu vanishi inapozigusa. Kwa bawaba zilizokula vishimo vya kutu, mimi napendelea rangi ya mwonekano wa kugongwa nyundo, inaficha vishimo ambavyo rangi laini ingevionyesha.

Sehemu ngumu kuliko zote kwangu ni kusubiri. Rangi ikikauka kuguswa baada ya saa moja bado ni laini ndani. Ibonyeze kwa ukucha mahali pasipoonekana: ikiacha alama, bado. Mimi naiachia wiki nzima kabla ya kufunga, na milango ya makabati naifunga kwa tepu ya karatasi kwa muda huo.

Kabla hujanunua kopo, pitisha sumaku kwenye bawaba moja na kishikio kimoja utuambie imeshika wapi. Na kama bawaba zako zina springi ya kujifunga ndani, weka picha ya upande wa nyuma, maana hizo zinazibwa kwa namna tofauti kidogo.